Mvua ya Oktoba: kisa cha kikundi cha wakulima wa mahindi pembezoni mwa Lubumbashi

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika msimu mmoja wa miaka ya karibuni, kwenye mashamba yaliyo mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari kutoka katikati ya Lubumbashi. Majina ya watu, ya kijiji na ya kikundi yameondolewa, na wahusika wanatajwa kwa nafasi zao tu. Vipimo vya mvua na tarehe za kupanda vimeachwa kama vilivyoandikwa katika daftari la kikundi, kwa kuwa uchambuzi wote umejengwa juu yake.

Kikundi kilikuwa na familia 42, nyingi zikiongozwa na akina mama, zenye jumla ya hekta 60 za mahindi. Karibu zote ni ardhi ya juu yenye udongo mwekundu, na sehemu ndogo iko katika bonde lenye unyevu, ambalo wenyeji huliita dambo. Mbegu chotara na mbolea zilichukuliwa kwa mkopo wa kulipwa baada ya mavuno. Msomaji aliweke akilini jambo hili la mkopo, kwa sababu mbegu chotara haichukuliwi tena kutoka kwenye mavuno ya mwaka uliopita: ikiharibika ardhini, mkulima hana budi kununua nyingine au kupanda chochote anachokipata sokoni.

Watu watatu ndio waliokuwa na sauti katika kisa hiki. Wa kwanza ni mama mwenyekiti, mwenye uzoefu mrefu wa kuuza mahindi mabichi mjini. Wa pili ni mzee mmoja aliyelima sehemu hiyo tangu ujana wake. Wa tatu ni kijana aliyemaliza masomo ya jiografia katika chuo kikuu, ambaye kwa hiari yake alikuwa amefunga kipimamvua katika uwanja ulio wazi, mbali na miti na mapaa, na kukisoma kila siku saa mbili asubuhi. Hakuichagua saa hiyo ovyo: saa mbili asubuhi ya Lubumbashi ni saa 06:00 ya kimataifa, mojawapo ya saa kuu ambazo vituo vya hali ya hewa ulimwenguni husoma vipimo vyao kwa wakati mmoja. Alikuwa na hamu ya kuwa mtabiri wa hali ya hewa, na tutairudia hamu hiyo baadaye.

Yaliyotokea

Lubumbashi iko karibu nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta, kwenye uwanda wenye mwinuko wa mita 1,200 hadi 1,300. Kiangazi chake ni kikavu kabisa: Juni, Julai na Agosti hupita karibu bila tone. Oktoba ndio mwezi wenye joto kali zaidi, na kwa wastani hutoa takriban milimita 30 za mvua tu, ilhali Novemba hutoa takriban 150 na Desemba hupita 250. Kati ya Oktoba na Novemba, basi, kuna ngazi ndefu, na juu ya ngazi hiyo ndipo kikundi kilipojikwaa.

Tarehe 14 Oktoba, programu ya hali ya hewa katika simu ya mama mwenyekiti ilionyesha uwezekano wa mvua wa asilimia 80 kwa siku iliyofuata. Tarehe 15 jioni mvua ya radi ilinyesha kwa muda usiofika saa moja, na asubuhi yake kijana alisoma milimita 31. Tarehe 18 zikaja milimita 9 nyingine. Vumbi lilitulia, harufu ya udongo ikapanda, na watu wakaanza kutafuta trekta.

Tarehe 19 kikundi kilikutana chini ya mwembe. Mama mwenyekiti aliinua simu yake: katika siku kumi zilizokuwa mbele, tano zilikuwa na alama ya wingu lenye matone. Mzee alikataa. Alisema kwamba upepo ulikuwa bado unatoka kunakotoka jua, na kwamba moshi wa mioto ya porini ulikuwa haujasafishwa angani. Kwake yeye, mvua ile ilikuwa imekuja kuchungulia tu. Kijana alipoulizwa, alijibu hivi: «Inawezekana mvua ikaendelea, inawezekana pia isiendelee.» Mama mmoja akamjibu, kwa upole lakini mbele ya wote, kwamba hilo hata yeye asiyesoma alikuwa analijua.

Kati ya tarehe 20 na 23 zikapandwa hekta 38, tano zikiwa katika dambo na 33 katika ardhi ya juu. Hekta 22 zilizobaki ziliachwa, nusu yake kwa sababu wenyewe walimsikiliza mzee, na nusu nyingine kwa sababu trekta lilikuwa halijawafikia. Si busara peke yake iliyowaokoa.

Kuanzia tarehe 19 Oktoba hadi tarehe 6 Novemba, siku 19 mfululizo, kipimamvua hakikupata kitu cha kupima. Tarehe 7 Novemba zilinyesha milimita 12. Mvua za kutulia zilianza tarehe 11, na hadi tarehe 20 zilikuwa zimefika milimita 64.

Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kusema baadaye kwamba waliopanda mapema walikuwa na haraka. Walikuwa na sababu, na sababu hizo ni za kweli. Mahindi yanayoingia ardhini na mvua za mwanzo hupata naitrojeni inayofunguka udongo mkavu unapolowana, na kila wiki ya kuchelewa hupunguza mavuno. Trekta la kukodi lina zamu, na anayepisha zamu yake hurudi mwisho wa foleni. Zaidi ya yote, mahindi mabichi yanayowahi kufika mjini, wakati ghala nyingi ni tupu na unga wa bukari (ugali) umepanda bei, huuzwa vizuri kuliko yanayokuja pamoja na ya kila mtu. Mama mwenyekiti aliyajua haya kwa vitabu vyake vya mauzo, na alitaka kikundi kianze kulipa mkopo mapema.

Sababu ya mzee ilikuwa ya kuangalia. Tusiipambe kupita kiasi: misimu miwili kabla ya huo, mzee huyohuyo aliwaambia watu wangoje, mvua zikatulia mwishoni mwa Oktoba, na waliomsikiliza wakavuna baada ya wenzao. Ndiyo maana safari hii neno lake halikuwa na uzito.

Ama kijana, yeye hakuamua kitu. Alikuwa na daftari, alikuwa na mashaka yenye msingi, lakini alikosa namna ya kuyageuza mashaka hayo kuwa maneno ambayo mtu anaweza kuyafanyia kazi.

Matokeo

Mbegu za ardhi ya juu ziliota nusu nusu kati ya tarehe 26 na 29 Oktoba, kisha miche ikaanza kujikunja mchana na, baada ya wiki moja, kukauka. Kati ya hekta 33, hekta 27 zilipandwa upya, nyingi kwa mbegu za kuokoteza sokoni kwa kuwa mkopo haukuruhusu chotara nyingine. Sita ziliachwa na mapengo yake. Hekta 22 zilizongoja zilipandwa kati ya tarehe 14 na 22 Novemba na kutoa mavuno ya kawaida. Hekta tano za dambo zilisalimika, na wenye nazo waliuza mahindi mabichi kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa bei iliyowafanya majirani wao wanyamaze. Familia 17 hazikumaliza mkopo msimu ule.

Uchambuzi: asilimia 80 ya nini?

Nilialikwa na kikundi baada ya mavuno, nikakaa nao siku tatu na daftari la mvua mbele yetu. Swali la kwanza waliloniuliza ni iwapo simu iliwadanganya. Haikuwadanganya. Ilisema kwamba tarehe 15 kuna uwezekano mkubwa wa mvua, na mvua ikanyesha. Asilimia 80 maana yake ni kwamba katika siku kumi zinazofanana na hiyo, takriban nane hupata mvua, hata kama ni ya kulowesha majani tu. Haisemi ni milimita ngapi, na haisemi lolote kuhusu wiki inayofuata. Kikundi kilikuwa kimeuliza, «Je, itanyesha?» Swali la mwenye mbegu mkononi lilikuwa jingine: «Je, ikishanyesha, itaendelea?» Kwa maoni yangu kosa zima la msimu ule lilianzia katika umbali uliopo kati ya maswali haya mawili, na kazi ya mtabiri ni kuuona umbali huo kabla ya mkulima.

Alama tano za mvua zilizoonekana tarehe 19 ni habari nyingine. Programu nyingi za simu hazina mtabiri nyuma yake. Huchukua matokeo ya modeli za kompyuta za dunia nzima, yaani hesabu zinazoiga mwendo wa hewa, kama ile ya Marekani inayoendeshwa mara nne kwa siku, na kuyageuza kuwa picha. Modeli huigawa angahewa kuwa vyumba. Katika modeli ya Marekani chumba kimoja kina upana wa takriban kilomita 13, na katika ile ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati takriban kilomita 9. Mvua ya radi ya Oktoba inaweza kuwa na upana mdogo kuliko chumba kimoja. Modeli haiioni, huikadiria kwa kanuni za jumla, na kanuni hizo zina tabia inayojulikana katika nchi za joto ya kunyesha mvua ndogo ndogo mara nyingi kuliko inavyotokea. Matone yaliyoonekana kwenye simu, kwa sehemu kubwa, yalikuwa matone ya namna hiyo.

Kuna pia suala la umbali wa siku. Mwaka 1963 mwanasayansi wa hali ya hewa Edward Lorenz alionyesha kwamba katika mfumo kama angahewa, tofauti ndogo mno mwanzoni hukua hadi kuutawala mwisho. Kwa hiyo vituo vikubwa huendesha modeli mara nyingi, kila mara kwa mwanzo uliobadilishwa kidogo. Kituo cha Ulaya huendesha mara 51. Hesabu hizo zikikubaliana, mtabiri husema kwa ujasiri. Zikitawanyika, husema kwa tahadhari. Simu ya kawaida huyaficha mabishano haya na kumpa mtu wingu moja lenye matone. Katika eneo letu hata mwanzo wenyewe hauna uhakika wa kutosha, kwa sababu vituo vinavyorusha puto la kupima joto, unyevu na upepo hadi juu angani ni vichache sana Afrika ya Kati, na setilaiti huziba pengo hilo kwa sehemu tu.

Uchambuzi: upepo wa mzee

Mzee alikuwa anaona kitu ambacho wanasayansi nao wanakijua. Mwishoni mwa kiangazi, hewa nyevu inayotoka upande wa Atlantiki na bonde la Kongo hukutana na hewa kavu ya pepo za mashariki zinazotoka upande wa Bahari ya Hindi. Mstari zinapokutana huitwa mpaka wa hewa ya Kongo, na mnamo Septemba na Oktoba hulala juu ya kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia. Mpaka huo hautulii. Ukisogea kusini kwa siku mbili, upande wa Lubumbashi hupata unyevu na mawingu ya radi hupanda. Ukirudi kaskazini, pepo kavu hushika tena na anga hufunguka. Kwa kawaida ni kuelekea na ndani ya Novemba ndipo mpaka huo huvunjika, na mvua zikashuka kusini zikiwa za kudumu.

Upepo uliokuwa bado unatoka mashariki tarehe 19 ulikuwa na maana kwamba mpaka huo umerudi kaskazini. Mzee hakuwa na neno hilo, lakini alama yake ilikuwa sahihi kwa siku ile. Udhaifu wake ni kwamba alama ya upepo husema hewa ipi iko juu ya shamba leo. Haisemi iwapo mpaka huo utashuka tena kusini baada ya siku tatu au baada ya kumi na nane. Miaka miwili kabla, ulishuka upesi.

Hesabu ya udongo ingeweza kumsaidia zaidi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika mita moja ya mraba. Milimita 31 zilizomwagika kwa chini ya saa moja juu ya udongo uliokauka na kugandamana hazikuingia zote, sehemu ilitiririka. Katika joto la Oktoba, ardhi hupoteza takriban milimita 5 kwa siku. Hata kama tungehesabu milimita zote 40, akiba ilikuwa ya siku nane hivi, na mbegu ziliingia ardhini siku tano baada ya mvua kubwa. Zilipoota, ghala la udongo lilikuwa limebaki na vumbi.

Uchambuzi: kipimo ambacho hakikutumika

Katika nchi za kusini mwa Afrika kuna kanuni inayotumiwa sana kutambua mwanzo wa msimu: siku kumi zenye angalau milimita 25, zikifuatwa na angalau milimita 20 katika siku ishirini zinazofuata. Kijana aliifahamu. Siku za tarehe 11 hadi 20 Oktoba zilikuwa na milimita 40, nusu ya kwanza ikatimia. Siku ishirini zilizofuata, hadi tarehe 9 Novemba, zilikuwa na 12 tu, nusu ya pili ikashindwa. Msimu ulianza katika kumi la pili la Novemba, yaani tarehe 11 hadi 20. Aliponieleza alikuwa na uchungu, akisema kwamba kanuni hiyo huthibitika baada ya siku thelathini, wakati mbegu imeshaoza.

Ni kweli, na ndiyo sababu kanuni haitoshi bila kumbukumbu za nyuma. Kilichohitajika tarehe 19 kilikuwa hiki: katika miaka iliyopita, kila nusu ya kwanza ilipotimia mwezi Oktoba, ni mara ngapi nusu ya pili nayo ilitimia? Baadaye alitafuta daftari za zamani za kituo kimoja cha jirani, akanakili mvua ya kila siku kwa mkono, na kwa miaka iliyokuwa kamili alipata jibu la chini ya nusu.

Tukaiweka namba hiyo kando ya hesabu za kikundi chenyewe. Waliona kwamba hekta iliyopandwa mapema na kuharibika iliwapotezea takriban dola 120 za mbegu na kazi, na hekta iliyopandwa mapema na kufaulu iliwaongezea takriban dola 60 juu ya ile iliyongoja. Kwa faida na hasara hizo, kupanda mapema kunalipa pale tu uwezekano wa mvua kuendelea unapozidi theluthi mbili. Chini ya nusu haifiki huko. Katika dambo, ambako unyevu wa ardhi unasubiri na mche, hasara ni ndogo sana, na hata uwezekano wa chini unatosha. Mvua ileile ilipaswa kuwapa watu wawili majibu mawili tofauti. Sentensi ambayo kijana angeitoa chini ya mwembe ilikuwa basi fupi: panda dambo sasa, ardhi ya juu ingoje, kwa sababu mara nyingi zaidi mvua kama hii hukatika. Nasisitiza kwamba angeweza kuisema na bado mvua ikaendelea. Uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa.

Utabiri wa msimu wa jukwaa la nchi za SADC (Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika), ambalo hukutana tangu mwaka 1997, kijana alikuwa ameusoma. Lakini utabiri huo hugawa uwezekano wa jumla ya mvua katika mafungu matatu, ya juu, ya kawaida na ya chini. Hauahidi tarehe, na ni kosa kuuomba tarehe.

Kijana na njia ya kazi

Baada ya kisa hiki kijana alitaka kuacha kipimamvua, kisha akataka kinyume chake, kusoma kazi hii hadi mwisho. Alidhani shahada ya jiografia ingemfungulia mlango wa utabiri moja kwa moja. Haikuwa hivyo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutofautisha mtaalamu wa hali ya hewa, ambaye anahitaji shahada yenye hisabati na fizikia ya kutosha kufuata milinganyo ya mwendo wa hewa, na fundi wa hali ya hewa, anayefundishwa kuangalia, kupima, kuandika na kutunza vyombo. Kijana alikuwa na jicho la fundi mzuri na hisabati ya kidato. Alikuwa na njia mbili: kuingia kama fundi na kupanda taratibu, au kurudi kwenye hesabu kwanza.

Wengi wanaoitamani kazi hii humfikiria mtu wa televisheni anayeonyesha ramani, lakini huyo ni mmoja kati ya wengi. Mwajiri mkubwa ni usafiri wa anga: kiwanja cha ndege kama cha Luano, hapa Lubumbashi, huhitaji waangalizi wanaoandika kwa msimbo wa kimataifa upepo, umbali wa kuona, mawingu na shinikizo la hewa, saa baada ya saa, usiku na mchana, na rubani huiamini namba hiyo kuliko dirisha lake. Wapo wanaotengeneza na kusawazisha vyombo, wanaochunguza mito, wanaoandika programu za modeli, na wapo watabiri wa kilimo, ambao kwa macho yangu ndio wanaokosekana zaidi katika mkoa kama huu. Kwa Mkongo anayesoma kwa Kifaransa, chuo cha hali ya hewa na usafiri wa anga kilichoko Niamey, Niger, ni mlango unaojulikana. Kwa anayeweza Kiingereza kuna chuo cha Nairobi. Katika nchi yetu huduma hiyo iko chini ya shirika la taifa, METTELSAT.

Kijana alichagua kurudi kwenye hesabu. Anasoma jioni, na bado anasoma kipimamvua asubuhi.

Msimu uliofuata

Kikundi kilitundika ubao penye njia panda. Kijana huandika mambo matatu tu: mvua ya siku kumi zilizopita, upepo umetoka wapi asubuhi, na ushauri mmoja kwa dambo na mmoja kwa ardhi ya juu. Mbegu za mkopo sasa hutolewa kwa mafungu mawili, la pili likibaki ghalani hadi kumi la pili la Novemba. Si wote waliofuata: familia sita zilipanda ardhi ya juu kwa mvua ya kwanza, mama mwenyekiti akiwa miongoni mwao, kwa nusu hekta aliyosema ni ya bahati nasibu yake mwenyewe.

Siku ninapomaliza kuandika haya, ni tarehe 27 Oktoba. Ubao unasema milimita 28, upepo mashariki, dambo pandeni, juu ngojeni.